Jua la Babati na Paa la Ukumbi wa Michezo



Nimeombwa nizungumze juu ya mwanga wa jua na matumizi ya umeme katika majengo ya michezo. Kila ninapokaa mezani na watu wanaotaka kujenga, suala hili huletwa kama kesi ya watu wawili wasiopatana. Mmoja anasema tuweke madirisha makubwa na bati za kupitisha mwanga ili tusilipe umeme. Mwenzake anajibu kwamba tukifanya hivyo ukumbi hautakalika kwa joto, tutanunua feni na viyoyozi, na bili itarudi palepale. Wote wawili wana sababu zao. Lakini hapa Babati, mwinuko wa mita 1,300 na ushei juu ya usawa wa bahari, naona tunamshtaki asiyehusika. Joto la ukumbi haliletwi na mwanga uliopimwa vyema, linaletwa na bati tupu lisilo na kitu chini yake. Hilo ndilo nitakalolitetea leo, na nitalitetea kwa hesabu, kwa hiyo mwenye kalamu aishike.

Mkoa wetu ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, eneo hili tayari lilikuwa na jina katika michezo, na jina hilo halikupatikana ndani ya jengo lolote. John Stephen Akhwari wa Mbulu alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, goti likiwa limeumia, akaimaliza. Gidamis Shahanga wa Katesh alichukua dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978, kisha dhahabu ya mita 10,000 kule Brisbane mwaka 1982. Mkimbiaji wa kwetu amelelewa na vilima na barabara ya vumbi, paa halimhusu. Lakini binti anayecheza mpira wa wavu, kijana wa mpira wa kikapu, bondia, mcheza karate na mcheza mpira wa meza, hao masika yakianza hawana pa kwenda.

Uwanja wa mpira wa miguu tumeshaupata. Tanzanite Kwaraa ndipo Mwenge wa Uhuru ulipohitimishia mbio zake tarehe 14 Oktoba 2023, na ndipo klabu ya Fountain Gate ilipohamishia mechi zake za nyumbani za Ligi Kuu. Kinachofuata, naamini, ni kumbi: za shule, za halmashauri, za taasisi za dini. Kumbi hizo zitajengwa na mafundi walioketi humu. Ndiyo maana napenda kuzungumza kabla kenchi hazijapanda.

Tuanze na jua lenyewe. Babati iko kusini ya ikweta kwa nyuzi 4 na kidogo. Kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 4 Oktoba na tena karibu na tarehe 10 Machi. Kuanzia Machi hadi Oktoba, miezi saba hivi, jua la mchana huwa kaskazini mwetu. Miezi mitano inayobaki huwa kusini, upande wa Kondoa. Na halishuki sana. Juni, likiwa limekwenda mbali kabisa kaskazini, mchana bado husimama nyuzi 62 kutoka upeo wa macho. Desemba husimama nyuzi 71.

Saa zetu nazo zinatupotosha kidogo. Saa ya Afrika Mashariki hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita Somalia, nasi tuko karibu nyuzi 36. Matokeo yake, hapa jua halifiki juu kabisa saa 6 mchana. Hufika, kwa wastani, saa 6 na dakika 37. Novemba huwahi, Februari huchelewa hadi saa 6 na dakika 50. Machweo yetu basi huangukia kati ya saa 12 na nusu na karibu saa 1 kamili. Mtaona umuhimu wa jambo hili tukifika kwenye mpira wa miguu.

Sasa, michoro mingi ya kumbi inayozunguka nchini imetoka kwenye vitabu vya Ulaya, na vitabu hivyo vinasema: elekeza madirisha ya juu kaskazini, kwa sababu kaskazini hakuna jua, kuna mwanga mtulivu tu. Kwa London ni kweli. Kwa Babati dirisha la kaskazini linapigwa na jua miezi saba. Anayetaka mwanga mtulivu hapa aelekee kusini, kisha aweke kinga. Na kinga yenyewe si kubwa. Dirisha la kusini lenye kimo cha mita 1, ukilitolea paa kwa sentimita 35 tu, jua la mchana wa Desemba halilifikii. La kaskazini linahitaji zaidi kidogo ya sentimita 50 kwa jua la Juni. Ukitaka kinga hiyo ifanye kazi tangu asubuhi ya saa 4 hadi saa 9 alasiri, ongeza: nusu mita kusini, karibu sentimita 70 kaskazini. Fundi yeyote humu anaweza kulisogeza paa kiasi hicho kabla ya kupigilia fisha bodi.

Mashariki na magharibi ni habari nyingine kabisa. Saa 11 jioni jua letu liko nyuzi 24 hivi. Kumkinga mtu na jua hilo kwa paa la mbele, dirisha la mita 1 litahitaji paa lililotoka zaidi ya mita 2. Hakuna atakayekulipia hilo. Kwa hiyo ukumbi ulazwe mashariki–magharibi, kuta zake ndefu zitazame kaskazini na kusini, na kwenye kuta fupi za mashariki na magharibi usiweke dirisha hata moja. Huko weka vyoo, stoo ya mipira, vyumba vya kubadilishia nguo, ofisi ya mwalimu wa michezo kama lazima. Mchezaji anayeshambulia kuelekea magharibi jioni atatazama ukuta, wala hatatazama jua. Hili halina gharama ya ziada hata shilingi moja. Linahitaji tu mtu asimame kwenye kiwanja na dira kabla ya kamba za msingi kufungwa, badala ya kulielekeza jengo barabarani ili lipendeze kwa wapita njia.

Naingia kwenye hesabu. Chukueni ukumbi wa mita za mraba 1,000. Unatosha uwanja wa kikapu wa mita 28 kwa 15, nafasi ya kuzunguka, na mabenchi. Mwanga hupimwa kwa luksi. Viwango vya Ulaya, ambavyo wabunifu wengi huvifuata, vinataka karibu luksi 200 kwa mazoezi ya shule, 500 kwa mashindano ya klabu, na 750 kwa mashindano makubwa. Nje, jua la mchana likiwa wazi hutoa karibu luksi 100,000. Siku ya mawingu mazito hutoa kama 10,000 au 15,000.

Tazameni tofauti hiyo. Nje ziko 100,000, ndani tunataka 500. Tunahitaji sehemu moja katika mia mbili. Kosa la kumbi nyingi zilizoweka bati za kupitisha mwanga ni kupitisha mwingi mno. Fundi ameambiwa aweke mwanga, anaweka mstari mmoja wa bati la plastiki kila baada ya mabati mawili, kutoka ukuta hadi ukuta, na kuanzia saa 5 hakuna anayeweza kukaa humo ndani. Mwalimu anafunga ukumbi, watoto wanarudi kucheza chini ya mti. Kisha habari inaenea mjini kwamba mwanga wa jua ni joto.

Badala yake weka asilimia 4 tu ya paa, yaani mita za mraba 40, kwa bati jeupe la maziwa linalotawanya mwanga. Nusu ya mwanga itapita, sehemu nyingine itanywewa na kuta na vumbi. Siku ya jua la wastani la luksi 50,000, sakafuni utapata kama 600. Siku ya mawingu, luksi 15,000 nje, utapata kama 180, na hapo utawasha nusu ya taa. Joto litakaloingia kupitia mita hizo 40 mchana wa jua kali ni kilowati 20. Mtu aliyekaa kitako hutoa joto la wati 100 hivi, kwa hiyo hilo ni sawa na watu 200 kuingia na kukaa. Si haba, lakini linavumilika.

Sasa mtazameni mshtakiwa wangu. Mita 960 zilizobaki ni bati la geji 30, rangi ya bluu iliyokolea au maruni kama tunavyopenda hapa mjini, limepigiliwa kwenye papi, chini yake hakuna kitu. Rangi hiyo hunywa sehemu kubwa ya jua. Bati linapata moto hata huwezi kulishika kwa mkono, na moto huo unashuka kwa walio chini, zaidi ya wati 100 kwa kila mita ya mraba wakati jua limekaza. Zidisheni: karibu kilowati 100. Ni watu 1,000 katika ukumbi wa watu 200. Bati lisilopitisha mwanga hata chembe limeleta joto mara tano ya lile la bati la mwanga, na bado tumewasha taa juu yake.

Wanaouza taa husema mwanga wa taa ni wa baridi kuliko wa jua. Si kweli kwa kiasi wanachodai. Mwanga wa jua hubeba joto la wati 1 kwa kila lumeni 100 hivi, sawa au nafuu kuliko taa nyingi za zamani za viwanjani. Taa nzuri ya LED hufika lumeni 130 au zaidi kwa wati. Tofauti ni ndogo, ila ile ya jua haiji na tokeni.

Na gharama ya tokeni tuihesabu. Kuupa ukumbi wetu luksi 500 kwa taa za LED pekee kunahitaji kilowati 8 hivi. Ziwake saa 8 kwa siku, siku 300 kwa mwaka: uniti 19,200. Kwa bei ya matumizi ya kawaida ya shilingi 292 kwa uniti, kabla ya kodi, ni shilingi milioni 5.6 kwa mwaka. Kwa shule ya sekondari hiyo ni mipira, nyavu, jezi na nauli ya timu kwenda mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA. Ataniuliza mtu: mbona sasa tuna Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, umeme wa kubana ni wa nini? Umeme upo, namshukuru Mungu na waliojenga. Mita ya LUKU ya shule bado inajazwa kwa fedha ya shule.

Wengine huniambia tuweke sola juu ya paa iendeshe taa mchana. Hapa huwa nacheka, samahanini. Paneli ya mita 1 ya mraba hutoa wati 200 jua likiwa kali. Ukizipeleka kwenye taa ya LED unapata lumeni 26,000. Mita hiyohiyo ukiiacha iwe bati la kupitisha mwanga inakupa lumeni 50,000, bila waya, bila inveta. Sola inunuliwe kwa ajili ya usiku, pamoja na betri zake, au kwa pampu ya maji.

Wazee wa Kiiraqw na Kigorowa hawakuhitaji hesabu hizi. Tembe ilikuwa na paa la udongo mnene juu ya miti, na aliyewahi kulala humo anajua mchana ni baridi na usiku ni joto. Kilichokosekana ndani yake kilikuwa mwanga. Sisi tulipohamia kwenye bati tulipata wepesi na maji ya mvua, tukapoteza ule unene, na mwanga hatukuupata pia. Tumekosa vyote viwili kwa wakati mmoja, jambo ambalo si rahisi kulifanya.

Tiba ina sehemu tatu, na hakuna ngeni kwa mafundi. Kwanza rangi: paa jeupe au la rangi ya mbingu iliyofifia, wala si maruni. Paa jeupe safi hurudisha zaidi ya nusu ya jua lililoliangukia. Najua wengi hamlipendi, mnasema linachafuka na halina heshima. Ukumbi wa michezo hauendi harusini. Ya pili ni kuweka kitu chini ya bati: foili yenye sponji, au dari ya mbao nyepesi iliyoachwa nafasi ya hewa juu yake. Faida yake nyingine ni kelele. Aliyewahi kufundisha chini ya bati tupu mvua ya Aprili ikinyesha anajua kwamba filimbi haisikiki, na mazoezi yanageuka ya ishara za mikono. Ya tatu ni kulitoa joto: kofia ya paa iinuliwe sentimita 20 juu ya mgongo, wazi pande zote mbili na wavu wa kuzuia popo, na chini ukutani ziwepo tofali za matundu. Hewa ya moto itatoka juu, ya baridi itaingia chini, na kwa mwinuko wa Babati hutaona haja ya kiyoyozi hata kimoja. Ila wacheza mpira wa vinyoya na wa meza wananung'unikia upepo, na wana haki. Wawekewe tofali za matundu zenye vifuniko upande wao, wafunge wanapocheza.

Nije kwenye macho ya mchezaji, maana hapa wahandisi wa nishati huwa hawafiki. Mnamo Aprili 1965, kule Houston, Marekani, ulifunguliwa uwanja mkubwa wa ndani ulioitwa Astrodome, kwa ajili ya besiboli. Paa lake lilikuwa na vioo vya plastiki angavu, zaidi ya 4,000, ili nyasi halisi zipate jua. Wachezaji walipotazama juu kuufuata mpira waliupoteza katika mng'ao. Wakapaka paa rangi. Mpira ukaonekana, nyasi zikafa. Mwaka uliofuata wakatandika nyasi bandia, na kwa jina la uwanja huo zikaitwa AstroTurf. Mkiona nyasi za plastiki kwenye viwanja vya Afrika leo, mjue ukoo wake ulianzia kwenye paa lililopitisha mwanga bila kuutawanya.

Hapa petu mchezo wa kuangalia ni wavu. Mpigaji anatazama juu ya wavu, mpokeaji anatazama juu zaidi. Kikapu vilevile, macho yako kwenye pete. Basi bati la mwanga lisikae juu ya wavu wala juu ya pete. Likae pembeni, juu ya mistari ya kando na juu ya mabenchi, mwanga ushuke ukigonga ukuta. Na lisiwe angavu kama kioo, kwa sababu kioo hutupa kipande cha jua sakafuni, na mpira ukipita kutoka kwenye kivuli kuingia kwenye kipande hicho, jicho halibadiliki kwa kasi hiyo. Kuta zipakwe chokaa au rangi nyeupe juu ya kimo cha mita 3, zirudishe mwanga. Chini ya hapo weka rangi ya kati, kijani au bluu tulivu, ili kinyoya cheupe kionekane.

Waliofanya vizuri wapo. Kule Gahanga, pembezoni mwa Kigali, uwanja wa kriketi wa Rwanda uliofunguliwa mwaka 2017 una jengo lenye mapaa ya matao membamba ya vigae vya udongo ulioshindiliwa, wazi mbele na nyuma. Mwanga unaingia kutoka pembeni chini ya tao, upepo unapita, na udongo wenyewe ni wa hapohapo. Kwa mchana hakuna haja ya taa. Kigali hiyohiyo ina ukumbi mkubwa wa watu 10,000 uliokamilika mwaka 2019, uliofungwa pande zote, na siukejeli: ukitaka mashindano ya kikapu ya bara yaonekane kwenye televisheni, lazima umiliki giza lako mwenyewe. Kosa ni kuuchukua mfano huo ukauleta kwenye shule ya kata. London, kwa Olimpiki ya 2012, walijenga ukumbi wa mpira wa mikono uitwao Copper Box na kupitisha mabomba 88 ya mwanga kwenye paa. Wenyewe wanasema yanapunguza matumizi ya nishati hadi asilimia 40, na hiyo ni London, ambako jua ni la kuazima. Wala tusiende mbali. Soko la Kariakoo alilolibuni Beda Amuli katika miaka ya 1970 lilikuwa na miavuli ya zege, mwanga na hewa vikipita katikati yake. Mtanzania alilitatua jambo hili kwa soko miaka 50 iliyopita, sielewi kwa nini tulisahau tulipofika kwenye ukumbi.

Uwanja wa wazi nitaupitia haraka. Uelekezwe kaskazini–kusini, na sisi tuna bahati: jua letu huzama kila siku ndani ya nyuzi 24 za magharibi halisi, mwaka mzima, kwa hiyo mwelekeo huo hauna msimu wa kushindwa. Mechi ikianza saa 10 jioni jua liko nyuzi 39, mechi inapomalizika liko nyuzi 12. Kipa aliyewekwa kutazama magharibi kwenye kipindi cha pili amefungwa na mhandisi. Jukwaa kuu likae magharibi, watazamaji walipe jua mgongo. Na kwa kuwa machweo yetu yanachelewa kuliko Dar es Salaam kwa dakika kadhaa, mechi ya saa 10 hapa hukamilika kwa mwanga wa bure hata ikiongezwa dakika 30.

Taa za usiku ni lazima zije siku moja. Zikija, jambo moja lifahamike kwa wanaosimamia fedha. Mteja mkubwa wa umeme halipi uniti tu. Hulipa pia kilele cha matumizi yake ya mwezi, shilingi 15,000 hivi kwa kila kVA. Uwanja wenye taa za kVA 100, ukiziwasha zote usiku mmoja tu wa mwezi, umeshajiandikia shilingi milioni 1.5 kabla ya kuhesabu uniti. Kwa hiyo taa zigawanywe: swichi ya mazoezi robo, swichi ya ligi nusu, na swichi ya televisheni zote. Na ziwe za LED, kwa sababu zile za zamani zikizimika huhitaji dakika nyingi zipoe ndipo ziwake tena. Tarehe 30 Aprili 2023 Watanzania waliishuhudia mechi ya Yanga na Rivers United ikisimama Uwanja wa Mkapa kwa taa kuzimika. Uwanja wa taifa ukipatwa na hilo, wa mkoa ujipange.

Nirudi kwenye ukumbi, kwa sababu kuna kitu mafundi hawapendi kukisema hadharani. Bati la plastiki la bei nafuu halidumu. Pandeni juu ya paa la ukumbi wenye umri wa miaka minane mlione: limegeuka rangi ya chai, limepasuka kuzunguka kila msumari, kwenye ufa fundi amepaka lami nyeusi, na juu ya lami vumbi la kiangazi na kinyesi cha ndege vimeshikamana. Mwanga uliobaki hapo ni kidogo, na linavuja. Nunueni polikaboneti yenye ngozi ya kuzuia mionzi ya jua, upande wenye ngozi hiyo utazame juu, maana nimeona limepigiliwa kichwa chini. Tundu la skrubu liwe kubwa kuliko skrubu, lipate kutanuka kwa joto, na mpira wa chini ya kichwa uwepo. Na mwenye ukumbi awe na ngazi na ndoo: kila mwisho wa kiangazi, kabla mvua za Novemba hazijaanza, mtu apande aoshe.

Kingine ni swichi. Ukumbi ukipata mwanga wa jua wa kutosha na taa zote zikawa kwenye swichi moja mlangoni, taa zitawashwa asubuhi na kuzimwa usiku. Nani atakumbuka? Taa za pembeni, zilizo karibu na bati la mwanga, ziwe na swichi yake, na taa za katikati yake. Waya wa ziada ni mita chache tu.

Waheshimiwa madiwani, nimalizie kwenu, kwa sababu majengo haya hupita mikononi mwenu yakiwa bado karatasi. Kabla hamjapitisha mchoro wowote wa ukumbi wa michezo katika mji huu, mwiteni mbunifu mumuulize mambo matatu: ukuta mrefu unatazama wapi, chini ya bati kuna nini, na siku ya jua saa 4 asubuhi taa ngapi zitakuwa zimewashwa. Jibu la swali la tatu liwe sifuri, na liandikwe kwenye mkataba. Asipoweza kujibu, mrudishieni mchoro wake.